Nyumba ya Shangazi, Milimani

Ijumaa iliyopita nilirudi Milimani kumfungulia mnunuzi nyumba ya shangazi. Dalali alikuwa ameshatundika kibao langoni: nyumba ya kihistoria, inauzwa. Mnunuzi ni kijana mpole mwenye viatu safi. Alizunguka vyumba akipiga picha kwa simu, akasifu milango ya mbao na vigae vya paa, halafu akaniuliza ni nani aliyekuwa akiishi humu. Nikamwambia shangazi yangu. Yaliyobaki sikumwambia, ila wewe nitakwambia.

Nyumba ilijengwa na Mzungu wa reli enzi za ukoloni. Ndiyo maana sebuleni kuna mahali pa kuotea moto, katika mji wa Kisumu ambako shuka tu linakutoa jasho. Mume wa shangazi, ofisa wa serikali, aliinunua baada ya Uhuru. Alipofariki, ndugu zake walisema nyumba ni ya ukoo wao, shangazi akasema ni yake, wakapelekana mahakamani. Wakili akamwonya shangazi asiiache tupu hata siku moja kabla kesi haijaisha, maana wakishaingia, kuwatoa itakuwa kazi. Kesi ikawa ya kuahirishwa kila mwaka.

Nililetwa kuishi naye nikiwa na miaka tisa, ili asiwe peke yake. Nilimwita waya, kama sisi Wajaluo tunavyomwita dada ya baba. Mimi nilienda shule na sokoni. Yeye hakuvuka lango. Jumapili aliimba na kwaya ya redioni akiwa jikoni, sauti ya pili, kana kwamba wenzake wamesimama karibu naye. Hadi leo nikisikia harufu ya nta nyekundu ya sakafu, nakumbuka Jumamosi zetu: mimi nimefunga matambara miguuni, nateleza kutoka sebuleni hadi barazani, yeye anachambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo huku akinicheka. Alichemsha mboga ya osuga kwa maziwa, siku mbili, mpaka uchungu ukaisha. Alasiri mvua ilipotoka ziwani tulikimbizana kufunga madirisha. Ziwa lenyewe tuliliona kutoka chumbani kwake, limezibwa na magugumaji. Alizoea kusimama pale kwa muda mrefu. Mwendo wa dakika ishirini tu, na alikuwa hajafika ufuoni kwa miaka minne.

Nilipotimiza miaka kumi na mmoja, bibi akafariki. Alikuwa mama yake shangazi, mama yake baba, na ndiye aliyenilea kule kwetu Seme, mbele kidogo ya Kombewa. Alinilisha nyoyo ya mahindi na maharagwe kutoka kiganjani mwake. Shangazi alilia siku mbili. Siku ya tatu akaniketisha kitandani.

"Mmoja wetu lazima abaki," alisema. "Na mimi siwezi kutomzika mama yangu."

Nilielewa. Kuelewa ndiko kulikoniumiza zaidi.

Akaenda. Jirani yetu, mama mmoja wa Murang'a aliyeuza nguo mjini, alikuja kulala nami, na asubuhi ya Jumamosi akaniachia sufuria ya githeri kabla ya kwenda dukani. Akanisisitizia nisimfungulie mtu yeyote.

Saa tatu hivi, pikapu ikasimama langoni. Ndani yake kulikuwa na kitanda, godoro na wanaume wawili. Aliyeshuka mbele alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa shangazi, yule aliyefungua kesi. Nilidhani atavunja mlango. Badala yake alichutama chini ya dirisha la sebule, akanisalimia, akaniuliza kama nimekula.

"Nyathina, fungua," aliniambia kwa upole. Aliniita mwanangu. "Nina gari hapa. Tukiondoka sasa, utamwona dani, bibi yako, kabla hawajamfukia."

Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, nikaziba masikio, lakini sauti yake ilipita. Alinihesabia njia kituo kwa kituo. Alisema mtoto hana kosa katika ugomvi wa watu wazima. Alisema bibi angeniulizia. Nilitambaa hadi mlangoni nikashika komeo. Nakwambia ukweli, nililivuta nusu. Kisha nikaliona koti la shangazi la kanisani limening'inia ukutani, likiwa na vumbi mabegani, nikalirudisha komeo. Nikasimama pale nikilia mpaka gari likaondoka. Niliangalia saa ya ukutani. Ilipofika saa nane nilijua wanamzika.

Shangazi aliporudi Jumapili, alinikumbatia akaniambia nimemwokolea nyumba. Akanieleza pia, bila kujua anachonipa, kwamba shemeji yake alifika mazishini amechelewa, matope hadi magotini, akamlilia bibi kama mama yake mzazi. Kumbe angenipeleka kweli.

Baada ya hapo shangazi hakutoka tena hata kwa mazishi. Mimi nilikua, nikaenda chuo, nikaolewa Awasi. Kesi iliisha pale tu shemeji yake alipofariki na watoto wake wakachoka. Shangazi akashinda nyumba akiwa na miaka sabini na miguu iliyovimba.

Mwaka wake wa mwisho nilikuwa namwogesha, nikajikuta nasema nilichokaa nacho miaka yote: kwamba nusura nifungue. Nilitegemea ashtuke. Alitazama maji kwenye beseni.

"Ungefungua," alisema, "ningelia wiki moja. Halafu ningerudi kwetu."

Nilimpangusa mgongo.

Nyumba aliniachia mimi. Mnunuzi anataka kubomoa, ajenge ghorofa za kupangisha. Dada zangu wamenuna. Wanasema nyumba kama ile haijengwi tena, na ni kweli. Sauti ile ya pili jikoni haitasikika tena, wala mtoto hatateleza kwenye sakafu ile. Kijana aliponiuliza kama nina uhakika, alikuwa amesimama chumbani kwa shangazi, ameyapa maji ya ziwa mgongo. Nilimwomba asogee kidogo. Nikatazama nje kwa niaba ya mtu mwingine, kwa muda ambao yeye angetaka, kisha nikamwambia alete karatasi nitie sahihi.