Sauti Niliyosahau Kufuta

Naona aibu hata kuandika haya. Nilikuwa nimeanza kutengeneza filamu zangu mwenyewe hapa Nkubu, na kazi ya kwanza nilipewa na Mwalimu Kagendo, aliyenifundisha darasa la nne. Alikuwa anastaafu, akataka filamu fupi ya maisha yake ionyeshwe kwenye sherehe ya kumuaga.

Nilimrekodi akisimulia asubuhi nzima. Wakati wa kuhariri, nilijirekodia maagizo kwa sauti yangu juu ya picha ili nisisahau pa kukata, nikikusudia kuyafuta baadaye. Nilipomaliza nilijiona mkurugenzi mkubwa, hata sikuisikiliza tena filamu yenyewe.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa walimu na wazazi. Kwenye skrini, Mwalimu akaanza kusimulia habari za marehemu mumewe, Baba Kinya. Ndipo spika zikatoa sauti yangu: “Huyu mama haishiwi na maneno. Kata hapa kabla watu hawajasinzia.”

Nilibonyeza kila kitufe, kompyuta ikaganda. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akageuka kwenye kiti, akanitafuta kwa macho.

“Mutwiri,” akauliza kwa upole, “hayo mengine ya Baba Kinya uliyatoa?”

Nikamjibu mbele ya watu wote, “Ndiyo, Mwalimu. Niliyatoa.”