Paka Watatu wa Kasimiri na Chumba cha Mwembesongo

Shemeji yangu Kasimiri alifika kwangu Jumatatu, saa tatu asubuhi, wakati majirani wote wako nje na fagio mkononi. Alibeba begi moja la nguo, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na tenga la kuku. Ndani ya tenga hamkuwa na kuku. Mlikuwa na paka watatu, na kelele zao zilifika mpaka kanisani.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Na hao ni nani?"

"Wafanyakazi wenzangu," alisema. "Tumepunguzwa wote wanne."

Ilikuwa mwaka 1994. Kiwanda cha nguo alichokitumikia kama fundi mitambo kwa miaka ishirini na miwili kilikuwa kimefungwa, na wafanyakazi wakaambiwa warudishe nyumba kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwekezaji anakuja. Mwekezaji mwenyewe alichelewa miaka kadhaa, lakini nyumba zilirudishwa kwa wakati.

Paka hao walizaliwa kwenye ghala la nyuzi, na kazi yao ilijulikana hata ofisini. Kulikuwa na barua yenye mhuri iliyoruhusu maziwa yao. Dume la rangi ya machungwa, lenye tumbo na madaha, liliitwa Meneja. Mweusi, asiyepitwa na mkutano wowote, aliitwa Katibu. Jike lenye sikio lililochanika, kubwa kuliko wote kwa umri, liliitwa Bi Stoo.

Ningeweza kumpa Kasimiri chumba. Nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu Thobias, aliyekuwa stesheni masta, ina vyumba vinne. Lakini mimi ni mwalimu mstaafu na mjane, na Kasimiri ni mdogo wa mume wangu, asiye na mke wala mtoto. Mtu mzima anajua watu wanavyohesabu. Nilimlaza kwenye jiko la nje, na hata hivyo Jumatano jirani yangu Filomena aliegemea uzio akiwa na tabasamu ambalo halikuwa la dini.

"Mwalimu, pilau tunakula lini?"

"Pilau ya nini?"

"Aa, mimi nauliza tu. Naona umerithiwa na familia nzima, mpaka paka."

Nilimjibu kwamba katika ukoo wetu wajane hawarithiwi, wanaheshimiwa. Kisha nikaingia ndani, nikavaa viatu vyangu vya kisigino kifupi, nikamwambia Kasimiri achane nywele. Tulikuwa tunakwenda kutafuta chumba.

Tulianza Kihonda, kwa Ignas, karani wa halmashauri. Miaka ile mshahara ulikuwa jina tu, na kila karani alikuwa na mradi nyuma ya nyumba. Ignas hakungoja nyuma ya nyumba. Sebuleni kwake, mahali pa makochi, palikuwa na vifaranga mia moja na hamsini wamejikusanya chini ya taa ya chemli.

"Mwalimu, nakuheshimu sana," alisema baada ya kunisikiliza. "Lakini unaniletea mwizi halafu unaniambia ana tabia nzuri?"

"Paka hawa wamezoea panya tu," Kasimiri alisema.

"Na panya ana tofauti gani na kifaranga? Mkia!"

Tukaenda Kingolwira, kwa Ester, mwimba kwaya mwenye nyumba safi kama sahani. Kasimiri, ambaye hajui kuficha, alikuwa amekuja na Katibu kwapani ili mwenye nyumba ajionee upole wake. Ester alimtazama paka mweusi, na paka mweusi akamtazama Ester bila kupepesa.

"Mimi ni mtu wa Mungu," Ester alisema polepole, "siamini ushirikina hata kidogo. Ila majirani zangu wanaamini." Halafu akakumbuka kwamba chumba kimeshachukuliwa na ndugu yake anayetoka Kisaki. Sijui ndugu huyo alipanda treni gani, maana chumba kilikaa wazi mpaka mvua za vuli.

Tulitembelea nyumba saba. Njiani kurudi nilimwambia Kasimiri ukweli. Mtu wa miaka hamsini na mbili hakosi pa kulala kwa sababu ya paka. Awaache sokoni, pale kwenye bucha hawatakufa njaa.

Kasimiri alisimama katikati ya njia.

"Shemeji, siku ya mwisho kiwandani kila mtu alichukua alichoweza. Wengine majora ya khanga, wengine mota za mashine. Mlinzi aligeuza uso. Mimi nilitazama nikaona cha kwangu pale ni hawa tu. Leo niwaache?"

Nilifundisha watoto miaka thelathini na sikumbuki kama kuna jibu la swali hilo kwenye kitabu chochote.

Nyumba ya nane ilikuwa Mwembesongo, kwa Mzee Mwinshehe, Mluguru wa Kinole. Tuliwaacha paka kwangu. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita na ukumbi katikati, na tulipokaribia mlango Kasimiri alinusa hewa.

"Shemeji, harufu hii..."

"Nyamaza."

Mzee Mwinshehe alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye mtaji, naye alikuwa akiletewa magunia kwa treni kutoka Kigoma na kuyapanga kwenye chumba cha nyuma, mpaka dari. Chumba kilichokuwa wazi kilipakana na hicho.

"Kabila gani wewe?" alimuuliza Kasimiri.

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

Mzee akapiga makofi. "Lo! Mtani! Babu zako walipita hapa vichwa vimebonyea kwa mizigo ya watu. Wewe umekuja kufuata mzigo gani?"

"Nimekuja kuwatafuta nyinyi. Babu zangu walipopita, mlikimbilia milimani kwa kuogopa nyayo zao. Bado hamjashuka wote."

Wapangaji waliokuwa uani walicheka kwa nguvu. Mnyamwezi na Mluguru wakikutana ndivyo ilivyo. Mtu anaweza kumwambia mtani wake kwamba kaburi limeshachimbwa, na mtani akauliza kama lina kivuli. Hakuna neno linaloshikwa.

"Haya, tuache mchezo," alisema Mzee Mwinshehe. "Masharti yangu ni matatu. Ngoma sitaki. Mtoto mchanga sitaki, usingizi wangu mwepesi. Na paka sitaki kabisa, maana mali yangu mnaisikia kwa pua."

Kasimiri alinitazama. Nilitazama ukuta. Akasema, kwa sauti yake ya kawaida, bila kupunguza kitu:

"Ngoma sijui kupiga. Mtoto sina. Paka ninao watatu. Mmoja anaitwa Meneja, na anakula kuliko mimi."

Mzee Mwinshehe alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mnyamwezi wewe! Na mimi nina simba wawili chumbani. Ukiamka alfajiri piga hodi kwanza!" Alijifuta machozi kwa ncha ya msuli, kisha akanigeukia. "Mwalimu, unamdhamini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifikiri juu ya jiko langu la nje, nikafikiri juu ya Filomena na pilau yake.

"Ni mtu mkweli," nilisema.

Sikuongeza neno. Wapo wanaodai nilidanganya siku ile, nami nawaambia walete ushahidi.

Kasimiri alihamia Jumamosi, tenga limefunikwa khanga. Zikapita siku kumi na mbili za amani. Wapangaji walimsikia akisema, "Meneja, taratibu, utapaliwa," wakadhani wakubwa wa kiwandani bado wanamtembelea. Wakamheshimu.

Siku ya kumi na tatu, adhuhuri, Mzee Mwinshehe alifungua stoo kumwonyesha mteja mali. Juu ya gunia la katikati, lililopasuliwa kwa ustadi, alilala Meneja chali, miguu minne angani, tumbo kama ngoma. Katibu alikuwa pembeni akijisafisha masharubu. Bi Stoo, kwa umri wake, alikuwa bado anakula.

Mzee alikuja kwangu akiwa na kandambili mguu mmoja.

"Mwalimu! Umenidhaminia majambazi!"

"Mzee Mwinshehe, salamu kwanza."

"Salamu ziko kwenye matumbo ya paka!"

Tulifuatana mpaka Mwembesongo, na nyuma yetu msafara ukawa unarefuka, kwa sababu mzee alieleza kisa kwa kila aliyeuliza. Tulipofika, ua ulikuwa umejaa. Kasimiri alisimama mlangoni kwake amempakata Meneja kama mtoto wa ubatizo.

"Atoke leo," alisema Mzee Mwinshehe. "Leo hii. Nilisema paka sitaki."

"Ulisema, mzee," alijibu Kasimiri. "Na mimi nilikwambia ninao watatu."

"Ulinitania!"

"Nilikwambia mmoja anaitwa Meneja. Meneja ndiye huyu. Nilikwambia anakula kuliko mimi. Stoo umeiona."

"Baba, kweli alisema," aliingilia Raya, mpangaji anayeuza vitumbua. "Nilikuwa nachambua mchele hapo hapo. Wewe ukasema una simba wawili. Tangu siku hiyo mimi nagonga mlango wako kwa mbali."

Watu wakaanza kucheka. Mzee aliwatazama, na nikaona hesabu inavyopita usoni mwake. Kama alishindwa kutofautisha utani na kweli, aibu ilikuwa yake. Na kama alikasirika kwa utani, aibu ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu Mluguru anayemkasirikia mtani husimuliwa mpaka kwenye harusi za wajukuu.

"Kisha kuna hili la dagaa," Kasimiri aliendelea, na hapo nikatamani anyamaze. "Dagaa hawa wametoka Kigoma. Wamepita Tabora kwetu bila hata kusalimu. Paka wangu ni wa nyumba ya Kinyamwezi, wamedai ushuru. Toka lini mtani anaitwa mwizi?"

Midomo ya Mzee Mwinshehe ilianza kutetemeka. Alijitahidi kukunja uso lakini uso ulikataa. Alicheka kwa kuinama, mikono magotini, na ua mzima ukacheka naye. Nilivuta pumzi nikidhani yamekwisha.

"Sawa," alisema akijinyoosha. "Mtani hashtakiwi. Lakini hutozwa." Akanigeukia mimi. "Na aliyeolewa kwa mtani ni mtani. Wewe Mwalimu ulijua. Ulitazama ukuta wangu kama unasoma ramani. Jumamosi nina shughuli ya ukoo huko Kinole. Utakaa kwenye meza yangu sokoni, utauza dagaa, tangu asubuhi mpaka nirudi. Ukikubali, paka wanabaki. Ukikataa, tenga lao liko wapi?"

Mimi, mke wa stesheni masta, soko kuu, siku ya Jumamosi, meza ya dagaa. Kuna watu katika mji huu ambao wangelipa nauli kuja kutazama.

"Usikubali, shemeji," Kasimiri alisema haraka. Alikuwa ameshamweka Meneja chini na kuanza kuvuta tenga uvunguni. "Jina la kaka si la kuchezewa. Hawa nitawapeleka hapo kwenye bucha, kama ulivyosema. Watazoea."

Alilisema hilo akiwa ameinama ili nisimwone uso. Katibu aliingia kwenye tenga mwenyewe, akakaa, akangoja safari.

Nimelilinda jina la mume wangu kwa namna nyingi, na sijawahi kuona kwamba jina hulindwa kwa kumvunja mdogo wake moyo.

"Meza inafunguliwa saa ngapi?" nilimuuliza Mzee Mwinshehe.

Jumamosi nilivaa kitenge changu cha Pasaka na miwani. Niliwapanga dagaa katika mafungu yaliyolingana, mistari minane, kila mstari mafungu sita. Wauza nyanya wa meza ya pili walitazamana.

"Mama, hapa unasubiri wateja au wakaguzi?" mmoja aliuliza.

"Wote," nilisema.

Mteja wa kwanza hakuwa na nia ya kununua. Alikuwa Geofrey, ofisa wa benki, niliyemfundisha darasa la nne. Alikuwa anapita kwenda kwa fundi viatu.

"Shikamoo, Mwa... Mwalimu? Ni wewe?"

"Marahaba, Geofrey. Mafungu mangapi?"

Alipapasa mfuko. "Mawili."

"Una watoto watano."

"Manne, Mwalimu."

Baada yake akaja Pendo, muuguzi, ambaye hakuwahi kujua jedwali la saba. Akanunua na kuomba nyongeza, kama ilivyo desturi ya soko.

"Nilikuwa natoa nyongeza kwenye mtihani?"

"Hapana, Mwalimu."

"Saba mara nane?"

"Hamsini na... sita!"

Nikampa nyongeza. Habari zikaenea, na nusu ya mji niliyoifundisha ikaja kuniamkia. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuamkia mikono mitupu. Wauza nyanya walianza kuwaelekeza watu: "Meza ya Mwalimu ni ile, andaa jedwali lako."

Mzee Mwinshehe aliporudi kutoka Kinole, saa tisa alasiri, alikuta meza imefagiliwa na mimi nimekunja mikono. Alikagua chini ya meza, akatafuta hata nyuma ya wauza nyanya.

"Dagaa wako wapi?"

"Wamenunuliwa."

"Gunia zima?"

"Na lile la akiba."

Alikaa juu ya kasha tupu. Baadaye alinisindikiza mpaka Mwembesongo, akasimama mlangoni kwa Kasimiri na kutangaza, wapangaji wote wakisikia, kwamba masharti ya nyumba sasa ni mawili, ngoma na mtoto mchanga. Fundi angekuja kupigilia wavu kwenye dirisha la stoo. "Na hao ndugu zako," alimwambia Kasimiri, "waambie mpaka wa Tabora ni pale kwenye wavu."

Kasimiri alimshika mzee mkono kwa mikono yote miwili, akaushikilia muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, kisha akaingia ndani kulitoa tenga nje. Alilikung'uta vumbi ukutani, akampa Raya atunzie kuku wake.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi na mapema, Mzee Mwinshehe alinikuta kwenye meza yake nimeshapanga mafungu.

"Mwalimu, adhabu ilikuwa siku moja tu."

"Najua," nilimwambia. "Ila kuna wanafunzi kadhaa ambao bado sijawaona."