Kikohozi Kilichoanzia Tumboni

Niliondoka Zongwe, kijiji chetu kando ya ziwa, kwa sababu ya kikohozi. Wiki tatu nilikohoa, homa ikija kila jioni, na bega la kuume likiniuma kama nimebeba gunia la mihogo. Wote walisema ni kifua. Mimi nilijua zaidi: kabla ya kikohozi niliharisha damu siku nyingi, kisha pakaanza kuuma chini ya mbavu. Sikumwambia mtu. Aliyejitolea kunipeleka hospitali alikuwa Mama Feza, mama wa mchumba wangu Feza, na kwetu kijana hataji mambo ya choo mbele ya mama mkwe. Hata kula mbele yake hali.

Asubuhi tulipanda boti ya mota. Mama Feza aliketi mbele, mimi nyuma kabisa, katikati mbuzi wawili. Nikikohoa, aliuliza bila kugeuka:

"Wewe wa nyuma, ungali muzima?"

"Ndiyo, Mama," nikawajibu mbuzi.

Saa tisa tulifika hospitali, mjini Kalemie. Dokta alisikiliza kifua changu, kisha akauliza: "Uliharisha?"

Nikamtazama Mama Feza, aliyeingia nami chumbani. "Hapana."

"Tumbo linauma?" Akanibonyeza chini ya mbavu, nikaruka.

"Hapana," nikasema kabla sijatua.

"Basi nitakupa dawa ya mapafu, urudi nyumbani."

Hapo niliogopa. Pumzi ilikuwa inakatika, na ningerudi na dawa isiyo yangu. Nikaomba karatasi. Mimi huandika polepole. Dokta alimaliza chai yake yote. Kisha akaichukua ile karatasi, akasoma kwa sauti kubwa: "Niliharisha damu..."

Nikafunika uso.

"Eee!" Mama Feza akapiga makofi. "Kwa kuona haya tu njo ulitaka kufa? Papa Feza aliharisha siku ya ndoa yetu, na niko naye mpaka leo!"

Ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo, ilionyesha jipu kwenye ini. Dokta akaeleza: vijidudu vya kuharisha vilitoka kwenye utumbo vikaingia ini. Juu ya ini kuna ukuta mwembamba wa nyama, unaotenga tumbo na kifua. Jipu lilikuwa linausukuma, karibu lipasukie kwenye pafu; ndiyo maana nilikohoa. Maumivu ya ukuta huo husikika begani. Walivuta usaha kwa sindano, wakanipa vidonge.

Baada ya siku kumi tulirudi, nikipumua vizuri. Boti haijagusa mchanga, Mama Feza alishasimama akiwapigia kelele waliokuja kutupokea, Feza akiwa wa kwanza:

"Haikuwa kifua! Ni kuharisha njo kulipanda juu!"

Nimejifunza kwamba ugonjwa wa tumbo unaweza kuvuka hadi kifuani. Pia, mwenye haya amwombe dokta mapema kumtoa mama mkwe nje.