Nilidhani simu imekatika

Leo nimeimba mbele ya watu, tena kwa bahati mbaya.

Mnaokuja kwetu Kinyangiri kila Jumamosi mnanijua. Nyie mnaimba, mimi napiga dumu na kugawa karanga.

Tangu Neema, mwimbaji wetu, aende Manyoni kuuza dukani kwa shangazi yake, nafasi yake iko wazi. Leo tulimpigia, tukaweka simu juu ya gunia la alizeti ili atusikie. Daudi, mpiga gitaa wetu, alipoanza kupiga, simu ikawa kimya.

"Imekatika," akasema Daudi. "Basi imba wewe, mwenye nyumba."

Nikafumba macho, nikaimba sehemu yote ya Neema.

(Msicheke. Nilikuwa nimemkumbuka sana.)

Nilipomaliza, gunia likaongea.

"We! Kumbe una sauti hiyo, na mwaka mzima unanigawia karanga tu!"

Nilitamani kukimbilia ndani. Badala yake nikamuuliza, "Unarudi lini?"

Nikasikia wateja wakimwita.

"Sijui, mdogo wangu. Imba tena haraka, kabla shangazi hajatoka ndani akanikuta na simu."

Nikaimba, macho nimeyafumbua, naitazama simu.

Jumamosi mje mapema, jamani. Neema anapumzika saa kumi, nusu saa tu, ndipo tutampigia.