Shaba Ndani ya Chupa Mpya

Zamani maji ya kuoshea chupa yalichujwa na kuchujwa tena kabla ya kumwagwa. Siku hizi watu humwaga kwanza, ndipo huuliza yalikuwa na nini.

Katika maabara ile ya plastiki zinazopitisha umeme, mchujaji alikuwa Mzee Mashapo. Kichocheo chao kilikuwa paladiamu, madini adimu na ghali, na kazi yake ilikuwa kuiokoa chembe kwa chembe kutoka kwenye mabaki. Ndiyo maana wakambandika jina hilo, naye akalivaa kama kofia.

Kisha mpwa wake, mkemia, akaanza kujaribu shaba. Shaba ni bei chee. Nani angehangaika kuchuja mabaki yake? Mzee hakuhitaji kuelezwa: shaba ikikubali, yeye basi.

Ikakubali. Mchanganyiko ukageuka zambarau, dalili kwamba plastiki imeundika, vijana wakashangilia. Lakini mpwa akaandaa chupa nyingine isiyo na kichocheo chochote, apate kuhakikisha. Nayo ikageuka zambarau.

"Mjomba, chupa hizi umeziosha wewe?"

"Nani mwingine? Wewe umeshika brashi tangu lini?"

"Zimegandwa na paladiamu miaka yote hii. Inatuchezea shere."

"Kumbe shaba yenu imedandia mgongo wa mwenzake!"

"Usicheke, Mjomba. Naagiza chupa mpya. Na tafadhali, usiziguse."

Siku za kusubiri hakutulia. Alifagia pasipo na uchafu, akapangua faneli na kuzipanga vilevile, akaenda uani, akarudi, akaenda tena. Aliomba shaba ishindwe, kisha akajisuta: huyu si mtoto wa dada yake?

Chupa mpya zilipofika, alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Isiyo na kichocheo ilibaki njano. Yenye shaba ilianza kuwa nyekundu, ikakolea, ikawa zambarau iliyokoza.

"Mjomba, njoo uone!"

"Naona kutoka hapa hapa."

"Usinune. Tutakutafutia la kufanya."

"Mimi si paka aliyepotea, nitafutiwe pa kulala."

Akatundika koti lake msumarini, akatoka.

Mara ya mwisho aliwaona kupitia dirisha la uani. Mpwa wake alikuwa ameinua utando mwembamba wa plastiki ile kwenye mwanga, wenzake wamemzunguka, wote wakisema kwa pamoja. Mzee akagonga kioo kwa kidole. Hakuna aliyesikia, naye hakugonga tena.