Tumbili Waliokizoea Kicheko cha Cornelia

Mtaani Chanji, mgeni akiulizia kwa Cornelia hakuonyeshwa nyumba. Aliambiwa, "Tulia kidogo, utamsikia." Na kweli angemsikia. Mama huyu muuza uji wa ulezi alikuwa na kicheko kisichojua mipaka ya uzio. Kilianza chinichini kama sufuria inayotaka kuchemka, kikapanda, mara mfuniko ukaruka. Jumapili moja katekista alikosea tangazo la ndoa, akamtaja bwana harusi kwa jina la mama mkwe wake. Cornelia alijitoa kanisani mwenyewe kwa heshima, akaenda kuchekea nyuma ya mnara wa kengele. Waliobaki ndani walimsikia vilevile.

Ndiyo maana watu hawakuamini walipopata habari kwamba ameajiriwa kunyamaza.

Aliyemwajiri ni Jasmin, binti wa mwenye duka la jumla lililokuwa jirani na meza yake ya uji. Jasmin alikuwa chuo kikuu, akisoma tabia za wanyama.

"Shikamoo mama Faith," alimwamkia Cornelia.

"Marahaba mwanangu. Nikupe kikombe?"

"Leo sitaki uji mama, nakutaka wewe."

Akamweleza. Kule ukingoni, nchi inapokatika kuteremkia bondeni Muze, kuna msitu wenye tumbili. Alitaka kuwawekea vituo viwili vya chakula. Kimoja kingekuwa na karanga, lakini wakubwa wa kundi wangekisonga. Cha pili kingekuwa na mahindi tu, ila bila bughudha. Je, tumbili mnyonge atachagua kipi? Akilijua hilo, huenda wakulima wa kule wangepata mbinu ya kuwaepusha na mashamba. Alihitaji mtu wa kupanga chakula asubuhi, kisha akae naye kimya ndani ya kibanda cha nyasi.

Mume wa Cornelia, Kalisti, alipoambiwa aliweka tonge chini. "Kimya? Wewe? Hata usingizini unacheka!"

"Nitajifunza, baba Faith."

Alijifunza kweli, kwa siku chache. Asubuhi na mapema alipanda pikipiki nyuma ya Jasmin, amejifunga shuka juu ya sweta, maana upepo wa Ufipa haumwonei mtu haya. Alimwaga chakula kwenye meza za vituo vile viwili, akaingia kibandani, akawa kama jiwe. Tumbili wakaja. Kulikuwa na dume mmoja mnene aliyekaa katikati ya karanga, ametanua miguu, akimkunjia uso kila aliyesogea. Cornelia alimwita Mwenyekiti.

Balaa lilianzia kwa jike mmoja mdogo, mwenye mtoto aliyemng'ang'ania kifuani. Alikuwa amekaa pembeni akila mahindi kwa unyonge. Ghafla akapiga ule ukelele ambao tumbili huupiga wakiona chui. Kundi zima likaparamia miti, Mwenyekiti mbele, karanga zikimdondoka mdomoni. Chui hakuwapo. Jike akatembea taratibu mpaka kwenye karanga, akaketi palepale pa Mwenyekiti, akaanza kula.

Cornelia aliuma shuka. Aliuma kidole. Mfuniko ukaruka.

Tumbili wakatoweka, na kazi ya siku ile ikaharibika.

"Mama Faith jamani!" Jasmin alitaka kulia.

"Nisamehe mwanangu. Lakini umemwona alivyokaa? Umemwona?"

Jasmin alikuwa amemwona. Midomo ilimchezacheza, naye akaangua kicheko mpaka kamera yake ikaanguka kwenye nyasi.

Walipotulia wakapatana: Cornelia awe anacheka kwanza. Kila asubuhi, akishamwaga chakula, akumbuke kichekesho cha jana, acheke mpaka aishiwe, ndipo aingie kibandani. Mpango ukafaa mno. Alicheka, akajifuta machozi, akanyamaza, na kazi ikaenda vizuri majuma kadhaa. Jasmin aliona tu kwamba tumbili wanazidi kuwahi. Hakujiuliza kwa nini.

Jibu lilimjia kwenye posa.

Isdori, mkulima ambaye shamba lake linapakana na ule msitu, alikuwa anaozesha binti. Mke wake Adela alikuwa ameshakuwa shoga wa Cornelia, kwa hiyo akamwalika yeye na Jasmin. Ua ulifagiwa, viti vya plastiki vikapangwa, na mbele ya wazee ikawekwa sinia ya karanga za kukaanga. Mshenga, mzee Polikarp, alisimama ndani ya koti la kuazima lililomfika magotini.

"Tumepita hapa," akasema kwa sauti nzito, "tukaona ua limechanua. Tumekuja kwa unyenyekevu kulichuma."

Akaketi kwa madaha. Kiti kikapasuka miguu yote minne, mshenga akaenda chini, mikono bado imeinuliwa kama anayebariki.

Watu waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Cornelia alivuta kitenge mpaka machoni. Haikusaidia. Kicheko kikatoka, kikavuka paa, kikavuka shamba.

Miti ikaanza kutikisika.

"Mama," Jasmin akanong'ona, amemshika mkono, "mama, acha kucheka!"

Ilikuwa sawa na kuyaambia maporomoko yapande juu. Tumbili waliingia uani wakiwa wameitika mwito. Mwenyekiti hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinia ya wazee, akaketi, akatanua miguu. Watoto walipiga mayowe ya furaha, kuku wakaruka, shangazi wa bwana harusi akakumbatia sufuria ya wali kama mtoto mchanga. Polikarp, angali chini, alimtazama Mwenyekiti ana kwa ana, akasema, "Bwana mkubwa, nawe umekuja kuposa?"

Hapo hakubaki aliyejizuia. Isdori alicheka mpaka akashikilia nguzo, na alipopata pumzi akatangaza kwamba binti ametolewa, kwa kuwa ukoo uliowachekesha hivi hawezi kuuacha uende.

Kesho yake Jasmin alimpigia simu mwalimu wake wa chuo, akakiri yote. Mwalimu naye alicheka kwanza. Kisha akasema kwa makini kwamba wanyama wamejifunza kuwa kicheko ni chakula, na hawafai kuachwa hivyo karibu na mashamba ya watu. Wafundishwe kusahau. Mama acheke, asiwape kitu.

Basi kazi mpya ya Cornelia ikawa kwenda ukingoni kucheka bure. Siku za mwanzo tumbili walikuja, wakakagua meza tupu, wakamtazama kwa uchungu kiasi kwamba alizidi kucheka. Wakaja wachache. Asubuhi moja alicheka kwa moyo wote na hakuna jani lililotikisika.

Moyo ulimwuma kidogo, kama mtu aliyezoea kugongewa mlango na marafiki, kisha wakaacha. Ndipo akaona mtu anakatiza shamba mbio, jembe begani. Alikuwa Adela.

"Nimekusikia kutoka kule chini," alisema akihema, tayari anatabasamu. "Haya shoga, niambie. Kuna nini tena?"