Mstari wa Rangi ya Kucha

Wifi yangu Marvella ana vyerehani vya kale hamsini na nane katika chumba cha chini ya nyumba yake, na ukimuuliza habari za kimoja utajuta, maana hutoki mpaka akueleze vyote. Hapa kwetu Nebraska mtu akirithi cherehani asichokijua, humpelekea yeye. Hukipindua, husoma namba iliyogongwa kwenye chuma, hupapasa pale bobini ya uzi wa chini inapokaa, kisha humtajia mwenyewe kiwanda na mwaka. Sijawahi kumsikia akikosea, na yeye hachoki kunikumbusha.

Alhamisi akanipigia simu. "Twyla, njoo. Nimeharibu kitu cha watu."

Nilimkuta kajiinamia mezani. Mwanamke mmoja, Ardis Kolterman, alikuwa amempigia. Kaka yake alikiuza mnadani cherehani cha mama yao marehemu, pamoja na zana za shamba, bila kumwambia. Huu ni mwaka wa sita anakitafuta. Alimsomea Marvella namba kutoka kwenye karatasi ya dhamana ya zamani, na Marvella alipofungua daftari lake akaikuta. Cherehani kilikuwa chini, rafu ya pili.

"Sasa si ufurahi?" nikamwambia.

"Ameniuliza kama mstari bado upo. Alipokuwa na miaka saba mama yake alimchorea mstari kando ya sindano, kwa rangi nyekundu ya kucha, aufuatishe asishone upogo."

"Na upo?"

"Niliusugua, Twyla. Nilidhani ni uchafu."

Huo ndio ugonjwa wao, hawa wakusanyaji. Kila alama ya binadamu kwao ni uchafu. Nilimhurumia, na papo hapo nikatamani kumpiga kofi.

Siku mbili hakula chochote cha maana. Jumamosi asubuhi, Ardis akiwa tayari njiani, nikamkuta Marvella ameinamia kile cherehani, mkono mmoja rula, mwingine kichupa cha rangi ya kucha.

"Thubutu!" nikasema.

"Hatajua."

"Umeanza kughushi uzeeni, wifi?"

"Hebu ninyamazie! Hata hivyo sijui niuchore wapi. Mshona magauni huacha nafasi pana kati ya sindano na ukingo wa kitambaa, mshona mablanketi ya viraka huacha nyembamba. Mama yake alishona nini? Nitajuaje mimi?" Tone la rangi likaanguka kwenye kitambaa cha meza. Alilitazama, akafunga kichupa.

Gari likasimama nje. Ardis aliingia, mwanamke wa miaka sitini hivi, akavua viatu mlangoni. Nilisahau hata kumkaribisha kahawa. Marvella alikipindua cherehani haraka haraka, akamwonyesha namba, ikalingana na ya kwenye karatasi tarakimu kwa tarakimu.

Ardis hakuitazama sana. Alikisimamisha tena, akainama, akapitisha kidole kando ya sindano. Mara ya kwanza. Mara ya pili, polepole, kama mtu aliyeangusha pete.

"Niliufuta mimi," Marvella akasema. "Kwa spiriti. Nisamehe."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kiwe kama kilivyotoka kiwandani."

Ardis akapitisha kidole tena. Marvella akashika ile karatasi ya dhamana. "Lakini ni chenyewe, dada. Naapa ni chenyewe. Namba si hii hapa?"

"Namba ni ya kiwanda," Ardis alisema. "Mstari ndio ulikuwa wa mama."

Marvella akalia, mtu mzima, mbele ya mgeni. Akamsogezea kile kichupa. "Nionyeshe tu ulipokuwa, nikuchoree."

"Kaa na kichupa chako," Ardis akasema.

Akakikumbatia kile cherehani, chuma kizito cha kubebwa na wawili, akakitoa nje peke yake. Nilinyoosha mikono nimsaidie, akanipita.